Kutoa sensa ya sukari iliyopandikizwa: ni nini, na hufanywaje

Sensa tunayoizungumzia hapa si ile ya kuhesabu watu, wala si ya kubandika, ambayo mgonjwa huibandua mwenyewe nyumbani kama plasta. Ni kijiti cha kupimia sukari kinachopandikizwa chini ya ngozi ya mkono, juu ya kiwiko, mfano Eversense. Urefu wake ni kama milimita 18, unene 3.5. Hakina betri, hupata nguvu kutoka kwa transmita, yaani kifaa cha kutuma vipimo kinachobandikwa juu ya ngozi. Muda wake ukiisha, miezi 6 au siku 365 kutegemea aina, hakiyeyuki. Lazima kitolewe kwa upasuaji mdogo, hata kama mgonjwa hataki kingine.

Muuguzi wa Uganda aliyezoea kutoa vijiti vya uzazi wa mpango ataona kazi zinafanana. Lakini Implanon ina sentimita 4 na hukaa upande wa ndani wa mkono. Sensa haifiki nusu ya urefu huo, na hukaa upande wa nje. Ufupi ndio usumbufu wenyewe: ikiwa ilizamishwa mno au imehama kidogo, kidole hakiipati.

Ndiyo maana kazi huanza kabla ya kisu. Bandua transmita, papasa, tia alama ya kalamu kwenye ncha zote mbili. Alama kwanza, ganzi baadaye, kwa sababu lidokeini, dawa ya ganzi, huvimbisha ngozi na kuificha sensa. Isipopapasika, usikate kwa kubahatisha; mgonjwa aende ultrasaundi.

Chale isiyofika sentimita moja hukatwa karibu na ncha moja, huku ncha ya pili ikisukumwa kwa kidole. Ndani kuna ganda jeupe la kovu ambalo mwili umelijenga kuizunguka sensa. Anayevuta kabla ya kulipasua ganda hilo ndiye anayevunja sensa. Lipasue, tenganisha nyama taratibu kwa koleo butu, bana ncha, vuta kwa kufuata urefu wake. Kisha ifute kwa kitambaa cha shashi uikague: kama haijatimia, kipande kimebaki mkononi.

Kidonda hufungwa kwa vibanzi vya plasta, kwa kawaida bila kushonwa. Kisiloane kwa siku 2 hivi, na jerikeni ya maji au mkungu wa matoke ubebwe kwa mkono mwingine. Wekundu ukienea, usaha ukitoka au homa ikipanda, rudi kliniki upesi.

Sensa mpya huwekwa mkono wa pili, na huchukua saa 24 kabla ya kuanza kutoa vipimo. Anayejidunga insulini asije akaishiwa stripu za kupimia kidoleni siku hiyo.