Adolfas Ramanauskas: mwalimu aliyeliongoza jeshi la Lithuania kutoka msituni

Adolfas Ramanauskas alikuwa mkufunzi katika chuo cha ualimu cha mji wa Alytus, kusini mwa Lithuania, alipoingia msituni tarehe 25 Aprili 1945 akiwa na umri wa miaka 27. Alijichagulia jina la vita la Vanagas, yaani Mwewe, na ndani ya miaka minne na nusu alikuwa amekabidhiwa uongozi wa vikosi vyote vilivyokuwa vikipigana na utawala wa Kisovieti nchini mwake. Viongozi wa vita ile walikuwa wengi, na wapo waliokuwa wanajeshi hodari kumliko. Ninayarudia maisha yake kwa sababu yanaeleza kwa uwazi zaidi jambo ambalo wasomaji wengi hulipita: wapiganaji wale walijihesabu kuwa jeshi halali la nchi iliyokaliwa kwa mabavu, na kwa hiyo wakajilazimisha kuishi kwa viapo, vyeo, mahakama na maandishi, hata pale ambapo ingekuwa rahisi na salama zaidi kutoandika chochote.

Alizaliwa tarehe 6 Machi 1918 huko New Britain, katika jimbo la Connecticut nchini Marekani, siku 18 tu baada ya Lithuania kutangaza uhuru wake. Wazazi wake, waliokwenda ughaibuni kutafuta maisha kama Walithuania wengi wa zama zao, walirudi nyumbani mwaka 1921 na kununua shamba karibu na Rudamina, katika eneo la Lazdijai. Alisomea ualimu Klaipėda, na Ujerumani ilipoinyang'anya Lithuania mji huo wa bandari mwezi Machi 1939, chuo chake kilihamishiwa Panevėžys. Kisha akapitia chuo cha kijeshi cha Kaunas, akatoka mwaka 1940 akiwa ofisa wa akiba. Wakati huo huo jeshi alilofunzwa kulitumikia lilikuwa linavunjwa, kwa kuwa mwezi Juni mwaka huo Moscow ilitoa masharti ya mwisho na majeshi yake yakaingia bila kupigwa risasi za maana.

Hapa pana jambo linalohitaji kusemwa bila kuzungushwa. Ujerumani ilipouvamia Umoja wa Kisovieti mwezi Juni 1941, wenyeji wengi walichukua silaha dhidi ya Wasovieti waliokuwa wakirudi nyuma, na Ramanauskas aliongoza kwa muda mfupi kikosi kimoja cha namna hiyo katika eneo la Druskininkai. Miezi hiyo hiyo ndiyo iliyoanza maangamizi ya Wayahudi wa Lithuania, ambao takriban tisa katika kila kumi waliuawa kabla vita havijaisha, na miongoni mwa wauaji walikuwamo Walithuania. Kituo cha Simon Wiesenthal, shirika la Kiyahudi linalofuatilia wahalifu wa Kinazi, kimepinga kwa nguvu kuenziwa kwake kwa sababu ya uongozi huo wa mwaka 1941, ilhali kituo cha utafiti cha serikali ya Lithuania kinasisitiza kwamba hakuna ushahidi wa yeye kushiriki katika mauaji. Katika yote niliyosoma sijakuta hati inayomhusisha yeye binafsi na mauaji hayo. Hata hivyo, swali lenyewe ni la haki, na mwanahistoria anayelikwepa ili shujaa wake abaki safi anamdhulumu kila mtu, wakiwemo wale waliokufa.

Jeshi Jekundu la Kisovieti liliporudi mwaka 1944, vijana waliandikishwa jeshini kwa lazima, mashamba yakaanza kutwaliwa, na kumbukumbu ya Juni 1941, ambapo watu wapatao 17,000 walisombwa na kupelekwa Siberia na kaskazini mwa Urusi, ilikuwa bado mbichi. Maelfu wakakimbilia misituni. Wanahistoria wa Lithuania hukadiria kwamba kati ya mwaka 1944 na 1953 watu wapatao 50,000 walipitia safu za wapiganaji, na zaidi ya 20,000 kati yao waliuawa, katika nchi isiyofikia watu milioni tatu. Wengi waliamini kwamba nchi za Magharibi zingeingilia kati baada ya mwaka mmoja au miwili. Imani hiyo ndiyo iliyowapa nguvu ya kuanza, na kukosekana kwa msaada huo ndiko kulikowamaliza.

Msituni, ofisa wa akiba alikuwa mtu wa thamani. Ramanauskas alikuta makundi ya vijana wa Nemunaitis na Alovė wasio na mpangilio, nao wakamchagua kuwa kamanda wao. Alianza na utaratibu: orodha za majina ya vita, kiapo mbele ya wenzao, marufuku ya ulevi, adhabu kwa aliyewanyang'anya wakulima. Tarehe 15 Desemba 1945 aliongoza shambulio dhidi ya mji mdogo wa Merkinė, ambako wapiganaji waliziharibu nyaraka za utawala wa Kisovieti. Kijeshi shambulio lile lilikuwa na hasara, na mji haukuweza kushikiliwa, lakini lengo la kuharibu karatasi linaonyesha jinsi walivyoielewa nguvu ya adui yao: bila orodha za watu, kodi na vitambulisho, utawala mpya haukuwa na mikono.

Yeye naye alikuwa mtu wa karatasi. Alihariri na kuchapisha magazeti ya siri yaliyopigwa kwa taipureta mahandakini na kusambazwa vijijini kwa mkono, likiwemo moja la Kirusi lililokusudiwa kusomwa na askari wa Kisovieti wenyewe. Mwezi Oktoba 1945 alimwoa kwa siri Birutė Mažeikaitė, aliyekuwa mwanafunzi wake pale Alytus na ambaye naye alikuwa mpiganaji. Mwaka 1948 walipata binti, Auksutė, ambaye ilibidi alelewe na wengine ili asitumiwe kuwakamata wazazi wake.

Vita ilibadilika sura kuanzia mwaka 1946. Idara ya usalama ya Kisovieti ilitambua kwamba msako wa askari pekee hautoshi, ikageukia mawakala. Daktari mmoja aliyeitwa Juozas Markulis, kwa jina la vita Erelis, aliunda makao makuu ya bandia ya upinzani mzima, akaanza kuwaunganisha viongozi wa mikoa chini yake huku akiwa mtumishi wa idara hiyo hiyo. Kikulacho ki nguoni mwako, na Markulis alikuwa ndani kabisa ya nguo. Mpiganaji Juozas Lukša alimng'amua mwishoni mwa mwaka 1946 kabla mtego haujafungwa, lakini madhara yalikuwa makubwa, na tangu hapo kila barua kutoka mkoa mwingine ilisomwa kwa shaka.

Kwa sababu hiyo ninauona mkutano wa viongozi wa wapiganaji wa Februari 1949 katika kijiji cha Minaičiai, eneo la Radviliškis, kuwa tendo la ujasiri kuliko mapambano mengi ya silaha. Ramanauskas, aliyekuwa tayari anaongoza kusini yote, alisafiri kwenda huko katikati ya majira ya baridi, ambapo nyayo kwenye theluji zilitosha kumuua mtu. Tarehe 16 Februari, kumbukumbu ya uhuru wa mwaka 1918, watu wanane walitia saini azimio lililolitangaza baraza lao kuwa mamlaka ya juu ya kisiasa ya nchi wakati wa ukaliwaji. Azimio hilo liliahidi jamhuri ya kidemokrasia yenye bunge, likaweka masuala ya wasaliti mikononi mwa mahakama za nchi itakapokuwa huru, na likataja Tamko la Haki za Binadamu, lililokuwa limepitishwa na Umoja wa Mataifa miezi miwili tu nyuma. Fikiria watu walio ndani ya handaki chini ya ghala ya mkulima wakinukuu hati hiyo! Jonas Žemaitis alichaguliwa kuwa mwenyekiti wa urais wa baraza, na Ramanauskas naibu wake. Baadaye mwaka huo Ramanauskas akawa kamanda wa majeshi ya ulinzi. Wenzao sita waliotia saini waliuawa wote kabla ya Machi 1953.

Nisiwapambe kupita kiasi. Wapiganaji waliwaua pia raia waliowatuhumu kwa usaliti, na hukumu za mahakama zao za vita hazikuwa zote za haki. Propaganda ya Kisovieti ilijengwa juu ya vifo hivyo kwa miongo minne, ikivichanganya vya kweli na vya kubuni.

Wakulima waliowalisha wapiganaji walisombwa kwa jumla, watu wapatao 40,000 katika operesheni moja ya Mei 1948, kisha zaidi ya 30,000 mwezi Machi 1949, na mashamba yaliyobaki yakaunganishwa kuwa ya ushirika. Bila mkulima mwenye ghala lake, handaki halina chakula. Kufikia mwaka 1952 mfumo wa mawasiliano ulikuwa umekatika, na Ramanauskas na mkewe wakaishi kwa hati za bandia. Katika miaka hiyo ya kujificha aliandika kumbukumbu zake, zikafichwa na watu waaminifu na kuchapishwa nchi ilipopata tena uhuru. Žemaitis, aliyekuwa amepooza kwa kiharusi, alikamatwa Mei 1953 na kuuawa Moscow tarehe 26 Novemba 1954.

Ramanauskas na Birutė walisalitiwa na mtu aliyewahi kusoma naye, wakakamatwa Kaunas mwezi Oktoba 1956. Tarehe 12 Oktoba alifikishwa hospitali ya Vilnius akiwa hoi, na madaktari wakaandika walichokiona: jicho la kulia lililodungwa mara kadhaa kwa kitu chembamba, michubuko tumboni, majeraha mabaya kwenye sehemu za siri. Huo ulikuwa mwaka ule ule ambapo Khrushchev, kiongozi wa Umoja wa Kisovieti, aliulaani ukatili wa Stalin katika kikao cha faragha cha chama chake. Ramanauskas aliwekwa kizuizini zaidi ya mwaka mmoja, akahukumiwa kifo na kupigwa risasi tarehe 29 Novemba 1957. Birutė alihukumiwa miaka minane kambini.

Mwaka 2018 mabaki ya Ramanauskas yalipatikana katika Makaburi ya Yatima mjini Vilnius, yakathibitishwa kwa vinasaba, na tarehe 6 Oktoba akazikwa kwa heshima za kitaifa katika makaburi ya Antakalnis. Mwezi uliofuata, Bunge la Lithuania lilimtambua kuwa kiongozi wa dola kuanzia kifo cha Žemaitis hadi chake. Msingi wa kisheria ulikuwa lile azimio la 1949, ambalo Bunge lilikuwa limelipa nguvu ya sheria mwaka 1999.

Sheria ilikuwa na neno jingine. Drėlingas, ofisa wa zamani wa KGB, idara ya usalama ya Kisovieti, aliyeshiriki katika kumkamata Ramanauskas, alitiwa hatiani mwaka 2015 kwa kusaidia mauaji ya kimbari. Mwaka huo huo, katika shauri jingine lililohusu wapiganaji waliouawa mwaka 1953, majaji wa jopo kuu la Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu waliamua, kwa kura tisa dhidi ya nane, kwamba hukumu kama hiyo haikuwa imeelezwa vya kutosha kisheria. Mahakama ya Juu ya Lithuania ikalazimika kueleza kwa kirefu kwa nini wapiganaji walikuwa sehemu muhimu ya taifa, kiasi kwamba kuwaangamiza kuligusa uhai wa taifa lenyewe. Tarehe 12 Machi 2019, katika shauri la Drėlingas dhidi ya Lithuania, Mahakama hiyo ya Ulaya, yenye makao Strasbourg, ilikubali maelezo hayo kwa kura tano dhidi ya mbili. Wapo wanasheria wanaoona kwamba dhana ya mauaji ya kimbari imevutwa mno, na hoja yao ni nzito. Mimi naona kwamba mahakama ilisoma sawasawa hali ya Lithuania ya wakati ule: watu waliosakwa ni wale wale waliokuwa bado wanatunza viapo, vyeo na sheria za nchi hiyo, na idara iliyowasaka ililijua hilo.