Tela la kulala: maneno ya muuzaji na ukweli wake

Kutoka Mwanza na familia siku hizi si kazi kubwa. Geti la Ndabaka la Serengeti unalifikia kwa lami, ukipita Magu na Lamadi. Upande wa pili, tangu Juni 2025 anayekwenda Sengerema au Geita anapita juu ya daraja la Kigongo–Busisi, foleni ya kivuko imebaki hadithi. Ndiyo maana wazo la kufunga tela dogo la kulala nyuma ya gari linavutia. Tatizo ni kwamba mengi yanayosemwa kuhusu matela haya ni ya kweli pale tu yakiwa yameegeshwa uani kwa muuzaji, milango wazi, jua linawaka na hakuna aliyelala ndani.

Dhana: Kitanda kinachogeuka meza kinaokoa nafasi

Mchana, ndiyo. Usiku habari ni nyingine. Saa tatu watoto wanasinzia, mezani bado kuna sahani za sato na sufuria la ugali. Utoe vyombo vyote, ushushe meza, ukunje mguu wake, kisha upange mito minne ikae kama godoro. Haikai. Asubuhi kiuno kinakuonyesha kila mto ulipoishia. Na kama nje kunanyesha, wakati unapanga hayo wenzako wamesimama wapi?

Kitanda cha kudumu nacho kina bei yake. Tela la futi 12 kwa futi 6 na nusu lina futi za mraba 78, na godoro la nne kwa sita linakula 24 kati ya hizo, karibu theluthi. Wengi hulipanga kwa upana wa tela ili lisile urefu. Hapo ndipo penye mtego: vipimo vya muuzaji mara nyingi ni vya nje, na ukuta unakula sentimita chache kila upande, kwa hiyo mtu mrefu atalala amekunja magoti. Pia anayelala upande wa ndani hawezi kwenda chooni usiku bila kumruka mwenzake.

Kwa maoni yangu, watu wawili wasio na watoto wachukue kitanda cha kudumu na wale nje chini ya turubai, maana hali ya hewa ya huku inaruhusu miezi mingi ya mwaka. Wenye watoto wanahitaji meza ya ndani, hasa wakati wa vuli na masika. Na wanaopenda kuegesha ufukweni wakumbuke vile vidudu vya ziwani vinavyopanda kama moshi juu ya maji, sanasana mwezi unapoandama. Usiku huo ukiwasha taa ya nje, chakula chenu ni cha wote.

Dhana: "Bosi, hili ni kilo 700 tu, gari lako linalivuta bila shida"

Kilo 700 ni za tela tupu. Jaza tangi la lita 80, umeongeza kilo 80. Betri ya asidi ya kutosha taa na friji inakaribia kilo 30. Weka mtungi wa gesi, magodoro, viti, mchele, dumu la akiba: unakaribia kilo 900 na hujapakia hata baiskeli ya mtoto.

Hata hivyo uzito wote si jambo la kwanza kuniogopesha. Naogopa zaidi ulikokaa. Kanuni inayotumika sana ni kwamba asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa tela ikae kwenye ndoano ya gari. Kwa tela la kilo 900 hiyo ni kilo 90 hadi 135, na gari linauhesabu kama mzigo wake, pamoja na abiria na mabegi ya kwenye buti. Sasa chukua tela lenye jiko nyuma kabisa na tangi la maji nyuma ya ekseli. Linapendeza, unapika ukiangalia ziwa. Lakini likijaa, mbele panakuwa pepesi, na ukiongeza mwendo linaanza kuyumba mkia, likilivuta gari huku na huku. Kabla ya kupenda jiko, inama chini uangalie tangi limefungwa wapi.

Dhana: Refu la kusimama wima ndilo bora

Ni bora ukiwa umesimama ndani. Barabarani ubavu mrefu unakamata upepo, na juu ya daraja refu lililo wazi kama lile la Kigongo utauhisi kwenye usukani. Paa la kunyanyua linapunguza hilo, ila kuta zake za turubai zikifungwa zimelowa, zinaota ukungu.

Dhana: Ziwa lipo, bafu la nini?

Kichocho. Tuendelee. Bafu na choo katika chumba kimoja cha mita moja ya mraba kinatosha, na nyumba zetu nyingi zimeshatuzoesha. Anayelala kwenye kambi zenye vyoo anaweza kuacha kabisa na kuweka kabati hapo.

Dhana: La kutoka Marekani ndilo imara

Linaweza kuwa imara, sibishi. Lakini kule wanaendesha kulia, kwa hiyo mlango wake uko ubavu wa kulia. Ukiegesha pembeni ya barabara ya Musoma, mtoto anashukia kwenye magari. Umeme wake nao ni wa volti 120, wetu ni 230, na kubadilisha vifaa hivyo si bure. Yaliyotengenezwa Uingereza au Afrika Kusini kwa kawaida yana mlango kushoto, na umeme wake unaendana na wetu.

Ukienda kuangalia tela, nenda na wote watakaolala humo. Tandikeni vitanda vyote, fungeni mlango, mlale, kisha mmoja ajaribu kutoka. Muuzaji akilalamika kwamba mtachafua godoro, vueni viatu.