Picha za ndoto kwenye chapa za Wasimbolisti, yaani picha zinazochapwa kwenye karatasi kutoka jiwe au sahani, maana yake nini hasa?

Wasimbolisti walikuwa washairi na wasanii wa Ulaya, hasa Ufaransa na Ubelgiji, miaka ya 1880 na 1890 hivi. Walichoka na sanaa ya kunakili kile macho yanaona, wakataka kuonyesha mambo ya ndani, hofu, hamu, ndoto.

Sasa watu wengi wanadhani kuchora ndoto ni kuchora chochote tu kinachokujia kichwani. Hapana jamani. Mcheki Odilon Redon, msanii Mfaransa wa Bordeaux, aliyezaliwa 1840. Rafiki yake Armand Clavaud alikuwa mtaalamu wa mimea na ndo alimfungulia dunia ya vitu vidogo vinavyoonekana kwa hadubini, kwa hiyo Redon akajua kweli jani linavyoota, shina linavyosimama. Halafu mwaka 1883, kwenye mfululizo wake wa chapa kuhusu asili ya viumbe, akachora mmea na pale ua linapotakiwa kuwa akaweka jicho. Shina ni la kweli, jicho ni la kweli, ila vimeunganishwa mahali ambapo akili inakataa, na hapo ndo uzito wa kuchora ndoto ulipo. Buibui wake anayecheka ana miguu kumi, na bado ukimwona unaamini yupo!

Na teknik yenyewe inasaidia sana. Kwenye litografia unachora kwa krayoni ya mafuta juu ya jiwe la chokaa, unalilowesha, maji yanakimbia mafuta, ukipitisha wino unashika kwenye mchoro peke yake, kisha unagandamiza karatasi. Redon alipenda weusi mzito halafu anakwangua jiwe kupata mwanga, ndo maana sura zake zinaonekana kama zinatokea gizani zenyewe. Albamu yake ya kwanza, 1879, aliiita Ndani ya Ndoto, zikatoka nakala 25 tu.

Mjerumani Max Klinger yeye alipita njia nyingine, ya kuchonga sahani za shaba kwa asidi. Mwaka 1881 alitoa chapa kumi kuhusu glavu: mwanamke anaidondosha ukumbini watu wakiteleza kwa viatu vya magurudumu, mwanaume anaiokota, na kuanzia hapo glavu inaingia usingizini mwake, inakuwa kubwa, inasafiri baharini, mpaka mnyama mwenye mabawa anatoroka nayo usiku huku mikono ya jamaa imetoboa kioo cha dirisha ikijaribu kumkamata.