Chungu cha dhahabu si panga, acheni kukichovya maji

Huyu ni wa tatu mwezi huu. Kijana kaja hapa Igoma na chungu cha kuyeyushia dhahabu, kile cha silikoni kabaidi (kauri ngumu ya silikoni na kaboni), vipande viwili ndani ya kiroba. "Fundi, nilikikomaza kwa maji, watu wanasema ndivyo." Watu gani, mdogo wangu?

Panga, au kisu cha kupasulia sangara pale Mwaloni, hukomaa kwa maji kwa sababu ni chuma chenye kaboni. Ukikipasha kupita nyuzi 727 mpangilio wake wa ndani hugeuka, na ukikizima ghafla unanasa kwenye hali ngumu. Silikoni kabaidi haina mgeuko huo. Dhahabu inayeyuka kwenye nyuzi 1,064, na kwa moto huo punje za kabaidi hata hazishtuki. Kinachoshtuka ni chungu kizima: nje kunasinyaa, ndani bado kwekundu. Nilimwekea kijana vipande juani: ufa ulianzia mdomoni, palipogusa maji kwanza, ukashuka hadi kitakoni.

Punje hupangwa kiwandani. Zile pete ngumu za sili za pampu, zinazozuia kuvuja, nazo za kabaidi, kwa mfano, huchomwa kwenye nyuzi 1,850 hadi 2,200 hivi, kutegemea kilichochanganywa. Wakitia alumina na itria (oksidi za alumini na itriamu), hizo huyeyuka katikati ya punje. Joto likishikiliwa, mpangilio wa ndani wa kabaidi uitwao beta hugeuka kuwa ule uitwao alfa, na punje hurefuka kama vibapa vilivyopishana, kiasi kwamba ufa hauna njia ya mkato, unazunguka na kuchoka. Lakini wale wa "moto mwingi ndio ugumu" wasikilize: muda ukizidi, punje zinanenepa mno na kauri inavunjika kwa nguvu ndogo kuliko mwanzo.

Wengine hudai, "Kikizidi moto kitayeyuka." Kwa hewa hii ya kawaida hakiyeyuki. Kwenye joto kali mno, ambalo jiko lako la mkaa haliliotei, silikoni hutoka kama mvuke, kaboni ikabaki.

Au, "Kikipata ngozi ya kioo kimekwisha." Ngozi ile ndiyo kinga, inazuia hewa isile ndani. Boraksi, ule unga wa kusafishia dhahabu motoni, ndiyo inayoiyeyusha, na kuna mtu nimemwona akiimwaga kama chumvi kwenye sato.

Chungu kipya kianikeni juu ya makaa ya taratibu kwanza, unyevu utoke. Baada ya kumimina, kirudi kupoa humohumo jikoni, hata kama mnunuzi yuko nje na bodaboda inaunguruma.