Kuijua Shira: Kaimati, Kashata na Visheti vya Nyumbani

Kila Ramadhani inapokaribia, wanaokuja kujifunza jikoni kwangu huleta malalamiko yaleyale: kaimati zimelainika kabla ya adhana ya magharibi, visheti vimenata badala ya kuvaa sukari nyeupe, na kashata ambazo juzi ziligoma kuganda leo zimekuwa ngumu kama kigae. Ninapika vitamutamu hapa Tanga kwa zaidi ya miaka 20, na kwa kiasi kikubwa jibu langu halijabadilika. Unga hauna kosa, na mara nyingi hata mafuta hayana kosa; kosa limo kwenye shira. Mtu hupima unga kwa uangalifu, akachekecha, akaumua, kisha sukari akaimimina kwa kukisia na kuiacha jikoni ichemke huku yeye anashughulikia jambo jingine. Ndiyo maana leo nataka nieleze shira kwanza na vyakula baadaye, kwa sababu anayeijua shira hahitaji kukariri mapishi mengi.

Sukari ya kawaida, ambayo wataalamu huiita sukrosi, huyeyuka kwenye maji kwa wingi wa ajabu: lita 1 ya maji ya kawaida hubeba takriban kilo 2 za sukari, na maji yanayochemka hubeba zaidi ya maradufu ya hapo. Tunapoichemsha shira, maji huondoka kwa mvuke na sukari hubaki, na kadiri maji yanavyopungua ndivyo joto la mchemko linavyopanda kupita nyuzijoto 100. Kwa hiyo joto la shira linakuambia maji yaliyobaki ndani yake ni kiasi gani, na maji hayo ndiyo yatakayoamua kama kitamu chako kitakuwa laini, kitanata au kitavunjika. Shira ya nyuzijoto 110 bado ni nzito tu. Ya 115 hivi, ikipoa, hufinyangika. Inayokaribia 150 huwa kama kioo. Na ikipita 160 haina maji tena, bali sukari yenyewe imeanza kuungua taratibu na kugeuka rangi ya asali.

Mwenye kipimajoto cha jikoni akitumie, ila akumbuke kwamba nambari hizi ni za sisi tulio usawa wa bahari. Aliyeko Lushoto au Arusha, ambako maji huchemka kwenye nyuzijoto 95 hivi, apunguze kama 5, na wa Nairobi apunguze 6. Njia rahisi ni kukitumbukiza kipimajoto kwenye maji yanayochemka jikoni kwako, uone kinasoma ngapi, kisha tofauti ile na 100 uiondoe katika kila nambari ninayotaja, isipokuwa ile ya sukari inayoyeyushwa kavu, kwa kuwa haina maji ya kuchemka.

Mimi mwenyewe nilifundishwa kwa vidole na kikombe cha maji baridi, na bado naviamini. Unachota shira kidogo kwa ncha ya mwiko, unaiacha ipoe kwa kuhesabu hadi 10, kisha unaibana kati ya kidole gumba na cha shahada na kuvitenganisha polepole. Ikiachana papo hapo, bado ni maji ya sukari. Ikivuta uzi mmoja mwembamba unaofika urefu wa ukucha kabla ya kukatika, ni shira ya kaimati. Zaidi ya hapo vidole havifai tena, kwa kuwa shira ni ya moto mno. Chukua kikombe cha maji baridi na udondoshe tone. Likitawanyika, endelea kupika. Likitulia chini na ukaweza kulikusanya kama kigololi laini kinachobonyea, umefika kwenye visheti na kashata ya nazi. Likilia "tiki" na kuvunjika unapolibana, hiyo ni shira ya kioo, na kwa vyakula viwili hivyo umeshapita.

Kuna jambo la pili, ambalo naliona kubwa kuliko joto. Shira nzito inapopoa huwa imebeba sukari kupita uwezo wa maji yaliyobaki, na sukari ile hutafuta njia ya kurudi kuwa chembe. Chembe moja iliyoganda ubavuni mwa sufuria na kudondokea ndani hutosha kuziita nyingine zote, na mwiko unaokoroga shira inayopoa hufanya vivyo hivyo. Ndimu huzuia hali hiyo, kwa sababu uchachu wake huivunja sehemu ya sukrosi ikawa glukosi na fruktosi, na sukari hizo mbili huzikatiza chembe zisipangike. Mpishi anatakiwa ajiulize kabla ya kuwasha jiko: je, nataka sukari hii irudi chembe, au nataka ibaki inang'aa? Akishajibu swali hilo atajua kama ndimu inahitajika na kama mwiko utumike au ukae pembeni.

Kaimati, ambazo wenzetu wa Unguja huziita kalimati, zinataka shira inayong'aa. Jina limetoka kwenye neno la Kiarabu la matonge madogo, na huko Oman na nchi nyingine za Ghuba chakula hichohicho huliwa kwa asali au kwa dondoo nzito ya tende. Sisi wa pwani hii tumekifanya chetu kwa tui la nazi na hiliki. Chukua unga wa ngano gramu 250, hamira kijiko 1 cha chai, chumvi kidogo sana, mtindi kijiko kikubwa 1 na tui zito vuguvugu mililita 200. Changanya, kisha upige kwa mkono, na hapa simaanishi kukoroga: kunja vidole kama upawa, ingiza mkono chini ya donge, uinue na kulipiga ukutani mwa bakuli kwa dakika 5 hadi 7, mpaka livutike bila kukatika na vipovu vianze kuonekana. Funika kwa muda wa saa 1 hivi. Mafuta yawe na moto wa wastani. Tone la unga lizame, lihesabu mbili, kisha lielee. Lowesha mkono kwa maji, chota unga, uminye ngumi, na kidonge kinachochomoza juu kati ya gumba na shahada ukikate kwa kijiko kilicholoweshwa na kukitia karaini. Zigeuze bila kuchoka, kwani kaimati isiyogeuzwa huiva upande mmoja na kubaki na unga mbichi tumboni.

Shira yake ni sukari gramu 250, maji mililita 125 na maji ya ndimu kijiko 1 cha chai. Koroga mpaka sukari iyeyuke, na ikishaanza kuchemka usiiguse tena. Sukari ya viwanda vyetu ina wekundu wa mbali na hutoa povu la kijivu, basi liengue. Usiitumie rangi yake kama kipimo, maana itaonekana imeungua kabla ya wakati. Ikivuta uzi, epua, tia hiliki, mimina kaimati zilizokwisha kupoa kidogo na uzipepete ndani ya sufuria mpaka kila moja ivae. Wanaolalamika kwamba kaimati zimelainika mara nyingi wametumia shira nyepesi, yenye maji mengi, ambayo badala ya kuganda juu ya ngozi imepenya ndani.

Hiliki isipikwe ndani ya shira tangu mwanzo, kwa sababu harufu yake huruka na mvuke na hubaki uchungu tu. Mimi hununua maganda mabichi ya kijani, mengi yakiwa ya kutoka upande wa Amani katika milima ya Usambara Mashariki, nikayamenya siku ileile na kuzitwanga mbegu pamoja na sukari kidogo ili zisagike vizuri. Hiliki ya unga iliyokaa dukani miezi kadhaa siipendi, na sioni sababu ya mtu aliyeko Tanga kuitumia.

Kashata ya nazi inafuata njia nyingine: tunataka sukari irudi chembe, lakini chembe laini, isiyokwaruza ulimi. Nazi mbichi ina maji karibu nusu ya uzito wake, na hilo ndilo linalowaangusha wengi, kwani hutia maji kama mapishi yanavyosema, kisha nazi huongeza yake. Chukua gramu 300 za nazi, ukune nyama nyeupe tu bila kufika kwenye kifuu. Pika sukari gramu 300 na maji mililita 100 mpaka ivute uzi, tia nazi, na sasa koroga bila kuacha kwa moto mdogo. Utaona rojo inatoa mvuke mwingi, kisha mvuke unapungua, kisha rojo inajikusanya na kuanza kuachana na sufuria. Mwiko ukipita, chini huonekana kwa muda wa kuvuta pumzi moja, na hapo ndipo shira imefika kwenye kigololi laini. Epua, tia hiliki na chumvi chembe, endelea kukoroga nje ya moto mpaka mng'ao upotee, ndipo umimine kwenye sinia lililopakwa samli na kulisawazisha. Ule mng'ao kufifia ndiyo dalili kwamba chembe zimeanza. Kata baada ya dakika 10, ingali vuguvugu. Ikiwa imekataa kuganda, usiitupe; irudishe jikoni na vijiko viwili vya maji, ipike tena hadi iachane na sufuria. Kashata hii ni ya siku chache tu, kwa sababu nazi yake haikukauka.

Kashata ya karanga, ile inayosindikiza kahawa chungu ya vikombe vidogo barazani, haina maji kabisa. Sukari gramu 250 huwekwa kavu kwenye sufuria nzito kwa moto mdogo, na hutikiswa sufuria badala ya kukorogwa mpaka iyeyuke yote na kuwa na rangi ya asali, karibu na nyuzijoto 170. Karanga gramu 250 zilizokaangwa na kupetwa ngozi ziwe bado na joto, kwani karanga baridi huigandisha sukari kabla hujachanganya. Mimina kwenye ubao uliopakwa mafuta, sukuma kwa mpini wa chapati uliopakwa mafuta pia, na ukate ndani ya dakika 2. Kioo cha sukari hunyonya unyevu wa hewa, na hewa yetu ya masika ina unyevu mwingi mno, basi kashata zikipoa tu ziingie kwenye kopo lenye kifuniko kinachobana. Zikikaa nje usiku mmoja, asubuhi zitakuwa zimeshikana.

Naomba watoto wasiwepo jikoni wakati wa kazi hii. Sukari ya nyuzijoto 170 ni moto kuliko maji yanayochemka na hung'ang'ania ngozi. Ikikupata, weka sehemu hiyo chini ya maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno wala samli, na ikiwa jeraha ni pana nenda hospitali.

Visheti nimeviacha mwisho kwa kuwa ndivyo ninavyovipenda, na ndivyo vilivyonifundisha habari ya ndimu. Miaka mingi iliyopita nilipokea oda ya sinia 6 za visheti vya harusi. Nilikuwa nimetoka kupika shira ya kaimati, na kwa mazoea nikakamulia ndimu ile ya visheti pia. Nilivigeuza hadi mikono ikauma na havikukauka. Vilibaki vinang'aa na kunata, na ilinibidi nikeshe nikikata na kukaanga vingine. Tangu usiku ule ndimu haikai kwenye meza ninayotengenezea visheti.

Unga gramu 500 unasuguliwa na samli gramu 75 mpaka uwe kama mchanga uliolowa, unatiwa hiliki, kisha maziwa au tui vuguvugu, kama mililita 200, kidogo kidogo, upate donge gumu kuliko la chapati. Pumzisha nusu saa, sukuma, kata vipande vidogo vya pembe nne za mshazari, na ukaange kwa moto mdogo dakika 8 hadi 10, kwa sababu visheti vinatakiwa vikauke hadi ndani. Viache vipoe kabisa. Shira ni sukari gramu 400 na maji mililita 200, bila kitu kingine, mpaka tone lifanye kigololi laini ndani ya kikombe.

Wiki iliyopita nilikuwa na binti wa kaka yangu, na alipoimimina shira juu ya visheti akaanza kuvigeuza kwa miiko miwili, akaingiwa na wasiwasi.

"Shangazi, mbona vinanata? Tumeharibu?"

"Bado, mwanangu. Endelea kugeuza, usisimame."

Kwa dakika moja hivi vilikuwa vizito, vimeshikana mafungumafungu, na nyuzi za sukari zilikuwa zikivutika kutoka kwenye mwiko. Kisha nyuzi zikawa fupi. Ukungu mweupe ukaanza kwenye kingo za kisheti kimoja, ukahamia kwa jirani yake, na mafungu yakaanza kuachana yenyewe. Sauti nayo ilibadilika: kile kishindo kizito cha rojo kiligeuka kuwa mlio mkavu wa kokoto zikimwagwa kwenye sinia, na binti akaacha kugeuza, akainama kusikiliza.