Zebaki inavyoharibu figo: maswali na majibu

Zebaki huingiaje mwilini?

Inategemea ni zebaki ya aina gani. Ile ya majimaji inayong'aa, iliyozoeleka kwenye vipimajoto vya zamani, hutoa mvuke usio na rangi wala harufu hata kwenye joto la kawaida la chumbani. Ukiuvuta, takriban asilimia 80 hubaki mwilini. Lakini mtu akimeza tone la zebaki hiyohiyo, karibu yote hutoka na choo. Ndiyo maana anayechoma mchanganyiko wa dhahabu na zebaki yuko hatarini sana, pamoja na mtoto anayecheza karibu na moto huo.

Chumvi za zebaki hupenya ngozi. Hizo ndizo zinazotiwa kwenye baadhi ya krimu na sabuni za kung'arisha ngozi. Aina ya tatu, methili-zebaki, hutengenezwa na bakteria majini, ikaingia kwa samaki na kutufikia mezani.

Kwa nini figo ndizo zinazoumia?

Figo hupitisha takriban sehemu moja ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo, na mirija yake midogo huinasa zebaki na kuilimbikiza. Zebaki hung'ang'ania salfa iliyomo kwenye protini za seli, na protini ikishashikwa hivyo haifanyi tena kazi yake.

Dozi kubwa ya ghafla huua seli za mirija, na mkojo unaweza kupungua sana au kukatika ndani ya siku chache. Ninaloliogopa zaidi ni lile la polepole, linalowapata watumiaji wa krimu. Kinga ya mwili huvurugika, vichujio vya figo vinaanza kuvuja, na protini inayotakiwa kubaki kwenye damu inatoka na mkojo. Protini ikipungua kwenye damu, maji hutoka mishipani na kutuama chini ya ngozi. Damu nayo huganda kwa urahisi, hata ndani ya mishipa.

Nitajuaje kama figo zangu zimeguswa?

Usisubiri maumivu, kwa sababu mara nyingi hayapo. Angalia mkojo: je, una povu linalokaa bila kupotea? Uso umevimba unapoamka, hasa kuzunguka macho? Bonyeza mbele ya mguu, juu ya mfupa, kwa kidole gumba kwa sekunde kadhaa. Ukiona shimo limebaki, nenda kapime. Omba kipimo cha protini kwenye mkojo, maana kipimo cha damu cha kreatinini, taka ambayo figo huichuja, kinaweza kuonekana kizuri huku protini inavuja. Na tafadhali, mwambie daktari unachopaka. Wengi huona haya, na daktari asipojua hataitafuta zebaki.

Krimu yenye zebaki inatambulikaje?

Kwa macho tu, ni vigumu, na wauzaji wengi hawaiandiki. Dalili moja ni onyo kwenye kopo kwamba isigusane na fedha, dhahabu, alumini au vito. Mkataba wa Minamata, makubaliano ya kimataifa kuhusu zebaki yaliyopitishwa mwaka 2013, unalenga kuondoa vipodozi vya aina hii sokoni, lakini bado vinauzwa. Mtoto anayelala na mama anayepaka, au kutumia taulo lake, naye huipata.

Viungo gani vingine huathirika?

Ubongo kwanza. Mvuke huleta mikono kutetemeka, kukosa usingizi, hasira za ghafla na kusahau. Fizi huvimba, na mvuke mwingi huchoma mapafu. Methili-zebaki hupita kwenye kondo la nyuma hadi kwa mtoto aliye tumboni. Huko Minamata, Japani, ambako ugonjwa wa sumu hiyo uligunduliwa rasmi mwaka 1956 kutokana na taka za kiwanda zilizomwagwa baharini, kuna akina mama walioonekana wazima au wenye dalili ndogo tu, wakazaa watoto wenye ubongo ulioharibika vibaya.

Basi niache samaki?

Hapana. Punguza samaki wakubwa wanaokula wenzao, kama papa, hasa ukiwa na mimba. Dagaa wana zebaki kidogo. Kupika hakuiondoi.

Figo zinaweza kupona?

Wengi walioumizwa na krimu hupata nafuu wakiacha mapema, ingawa huchukua miezi. Zebaki iliyo mwilini hupungua kwa nusu katika muda wa kama miezi miwili. Zipo dawa za hospitali zinazoinasa na kuitoa, na daktari ndiye anayeamua nani azipate. Dawa za mitaani za "kusafisha figo" ziache kabisa. Madhara ya methili-zebaki kwenye ubongo kwa kawaida hayarudi nyuma.

Kipimajoto kikivunjika nyumbani?

Toa watoto, fungua madirisha, funga mlango wa kwenda vyumba vingine. Usifagie wala kutumia mashine ya kufyonza vumbi, kwani hutawanya matone na kuongeza mvuke. Yakusanye kwa vipande viwili vya karatasi ngumu, weka kwenye chupa yenye kifuniko kinachobana, kisha uliza idara ya afya pa kuipeleka. Usiimwage kwenye sinki.