Soma jina kwanza: makosa ya linka unapoita OCaml kutoka C

Mara ya kwanza nilipotaka programu ya lugha ya C iite fanksheni ya lugha ya OCaml, niliandika `extern int jumla(int);` nikaunganisha mafaili, nikapata `undefined reference to 'jumla'`. Linka, yaani programu inayounganisha mafaili yaliyokusanywa kuwa programu moja, ilikuwa sahihi. OCaml haiyaachi majina jinsi ulivyoyaandika: ukichungulia faili la objekti (msimbo uliokwisha kukusanywa, `.o`) kwa `nm`, amri inayoorodhesha majina yaliyomo, utakuta jina refu linaloanza na `camlHesabu`, kutoka jina la faili langu `hesabu.ml`, lenye namba mkiani. Hata ukiliita hilo utaumia tu, kwa sababu OCaml haipokei hoja kwa utaratibu wa C. Badala yake, fanksheni husajiliwa upande wa OCaml kwa jina ambalo C italitafuta:

`let () = Callback.register "jumla" jumla`

C nayo huanza na `caml_startup(argv)`, ndipo iitafute kwa `caml_named_value` na kuiita kwa `caml_callback`.

Baada ya hapo nikakusanya:

`ocamlopt -output-obj -o hesabu_ml.o hesabu.ml`
`gcc kuu.c hesabu_ml.o`

Gcc, kompaila ya C, ikalalamika kwanza kwamba haioni `caml/callback.h`, hilo linaisha kwa `-I$(ocamlopt -where)`. Kisha ikaja mvua ya `undefined reference`: `caml_startup`, `caml_callback`, na mengine chungu nzima. Zamani ningeanza kunakili amri za watu. Siku hizi nasoma mwanzo wa jina. `caml` ikifuatwa na herufi kubwa ni moduli ya OCaml iliyosahauliwa. `caml_` kwa kawaida ni rantaimu, yaani msimbo wa OCaml unaohitajika programu inapoendeshwa, na `-output-obj` haiweki rantaimu ndani ya objekti. `unix_`, au `caml_unix_` kwenye OCaml 5, ni upande wa C wa maktaba ya Unix.

Rantaimu imo ndani ya `libasmrun.a`:

`gcc kuu.c hesabu_ml.o -L$(ocamlopt -where) -lasmrun -lm -ldl`

Mpangilio huo una maana. Linka ya GNU husoma kutoka kushoto kwenda kulia, na kwenye maktaba ya `.a` huchukua vipande vinavyohitajika wakati huo tu. Tanguliza `-lasmrun` kabla ya objekti, na makosa yatarudi yaleyale ingawa maktaba ipo mbele ya macho yako. Nilipoteza mchana mzima hapo.

Mkia wa `-lm -ldl` usiukariri, maana hubadilika. Toleo la 5.1.0 lilidai `-lzstd` pia, kisha 5.1.1 likaiondoa. Muulize kompaila mwenyewe:

`ocamlopt -config | grep native_c_libraries`

Binafsi natumia `-output-complete-obj`, inayofungasha rantaimu na maktaba za C ndani ya objekti moja. Mkia ule bado unauhitaji, lakini `-lasmrun` unaisahau.

Linaloniogopesha zaidi ni kosa ambalo linka hailisemi. Kila kitu kinaungana, halafu programu inaanguka palepale inapoanza kuita. Ukifuatilia unakuta `caml_named_value` imerudisha NULL. Moduli yenye `Callback.register` ilikuwa ndani ya `.cmxa`, yaani maktaba ya OCaml, hakuna moduli nyingine ya OCaml iliyoitaja, kwa hiyo `ocamlopt` ikaiacha nje na usajili haukufanyika kamwe. Ongeza `-linkall` kwenye amri ya `ocamlopt`, na upande wa C uikague ile NULL kabla ya kuita.